Chupa Isiyopumua

Kitandazi kilishuka majini taratibu, kama bata aliyelizoea bwawa lake. Kilikuwa mashine pana, bapa, yenye miguu sita ya kuelea, na kila mguu ulikuwa na tundu dogo la kutemea. Kikatembea juu ya lambo kuu la Jiji, kikienda na kurudi kama mtu anayepiga deki, na nyuma yake maji yakawa yanabadilika sura. Viwimbi vikalala. Mng'ao ukawa mmoja, laini, kama sahani iliyopakwa mafuta. Watu waliosimama ukingoni wakapiga makofi, ingawa walikwisha kuiona kazi hiyo mara nyingi. Ni kitu ambacho hakikuwachosha macho.

Kilichotandazwa kiliitwa Shuka. Lilikuwa utando mwembamba kiasi kwamba hata kidole hakiuhisi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kulizuia jua lisiibe maji. Kabla ya Shuka, watu wa nchi kavu ya Ugogo walichimba malambo kila mwaka, na kila mwaka jua likayanywa kabla ng'ombe hawajashiba. Baada ya Shuka, maji ya masika moja yalivuka kiangazi chote yakakutana na masika mengine. Ndiyo maana Dodoma ya siku hizo ilikuwa na treni za juu kwa juu, bustani zilizoning'inia kwenye kuta za maghorofa, na watu wengi mno waliooga kila siku bila kujiuliza. Jiji lile lote lilikuwa limesimama juu ya utando.

Lakini Shuka halikutakiwa kudumu. Lilitakiwa likae siku chache, liliwe na vijidudu vya majini, lipotee, maji yapate kuvuta hewa, ndipo kitandazi kirudi kutandaza upya. Lisipoliwa, tabaka linalala juu ya tabaka, hewa haipiti, samaki wanaelea matumbo juu, na maji yanakufa huku bado yapo.

Aliyeiambia nchi kwamba Shuka linaliwa alikuwa Dakta Perusi Chidawali.

Perusi alikuwa mkuu wa maabara ya Mamlaka ya Malambo, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Kipimo chenyewe, ukielezwa, utakiona kama mambo ya jikoni. Unachukua chupa ya maji safi. Unatia kidogo cha kile kitu unachotaka kukijua. Unatia na mbegu, yaani tone la majitaka au tope lenye vijidudu hai. Unafunga, unaweka gizani, unasikiliza. Vijidudu vikila vinapumua, vikipumua hewa ya chupani inapungua, na mashine iitwayo kipimapumzi inachora mstari unaopanda. Mstari ukipanda upesi, unasema kitu hiki kinaoza majini, kitumike. Mstari ukilala, unasema hakiozi, kisiguse maji ya watu. Zamani ilichukua wiki nne. Kipimapumzi cha siku hizo kilisikia pumzi ndogo mno, kikatoa jibu kwa siku chache.

Kuna sharti moja ambalo kila mwanafunzi hufundishwa mapema. Mbegu iwe ngeni. Vile vijidudu visiwe vimewahi kukutana na kile kitu. Maana vijidudu hujifunza. Ukivilisha kitu kigumu kila siku, vile vichache vinavyokiweza vinazaana na visivyokiweza vinakufa, mwisho unabaki na chupa ya mabingwa. Na ukishakuwa na mabingwa, hawatakuambia kamwe mtu wa kawaida atafanya nini.

Perusi alilijua sharti hilo. Alilifundisha yeye mwenyewe, kwa chaki ya mwanga, mbele ya darasa zima.

Ila alikuwa amekulia kwa shangazi yake huko Mzogole, kijiji cha wafugaji mwendo wa asubuhi moja kutoka Jijini, na kule kibuyu cha maziwa hakioshwi kikaisha ladha. Linaachwa tone la mgando chini, maziwa ya leo yanamiminwa juu yake, na kesho yameganda yakiwa na ugwadu uleule wa jana na wa juzi. Kibuyu cha shangazi kilitoka kwa mama yake shangazi. Jirani kibuyu chake kikipasuka, anakuja kuomba tone, anapewa, anaondoka anashukuru.

Sasa, miaka yake ya mwanzo pale maabara, mbegu za kuchota zilimtesa kweli. Leo zinakula, wiki ijayo zimelala. Wenye viwanda wakanung'unika, wakubwa wakauliza maabara hii ina uhakika gani. Basi Perusi akafanya kile mkono wake ulichokijua tangu utoto. Akaacha tone la mbegu iliyofanya vizuri, akalimiminia maji mapya, akalilisha mabaki ya kila chupa iliyopimwa. Haikufa tena. Ikakaa kwenye mtungi wa kioo pale pembeni, rangi ya chai ya rangi, ikinuka ugwadu kidogo, na wasaidizi wakaipa jina: Bibi.

Bibi alikuwa fahari ya maabara. "Mpe Bibi aonje," walisema kila kilipoletwa kitu kipya, na Bibi alionja, akala. Alikula sabuni, alikula gundi, alikula rangi za nguo. Shuka lilipoletwa mara ya kwanza, alisuasua. Perusi akasema labda mtungi umepata baridi. Akamwacha nalo miezi kadhaa, akarudia. Safari hiyo mstari ulipanda kama mtu anayekimbilia ghorofani. Makofi yakapigwa. Maabara za mikoani zikaomba mbegu, naye akazigawia kwa moyo mweupe, kama shangazi alivyogawia majirani. Hivyo nchi nzima ikawa inapima kwa tumbo moja.

Miaka ikapita. Ndipo Mzogole wakalalamika.

Walisema lambo lao limefunga utando kama maziwa yaliyochemka yakaachwa. Perusi akaenda na wakubwa wawili wa Mamlaka. Aliyewapokea ukingoni alikuwa mwenyekiti wa kamati ya lambo, Masinjisa, mtoto wa yule shangazi, mrefu, mwenye pengo la meno ya mbele. Alikuwa binamu yake, na kwa hiyo alikuwa mtani wake, na utani wao ulijulikana kijiji kizima. Kwenye msiba wa baba yake Perusi, Perusi alichelewa kufika kwa sababu ya mvua. Masinjisa akamnyang'anya viatu getini, akavificha, akamfanya azunguke peku kati ya waombolezaji mpaka alipolipa jogoo. Watu walicheka huku wanalia. Perusi mwenyewe alisema baadaye kwamba bila utani ule wa viatu asingeweza kuimaliza siku ile.

"Mlamba vibuyu amekuja!" Masinjisa akapaza sauti. "Jamani, ficheni maziwa! Huyu alikuwa akilamba kibuyu cha mama yangu mpaka ulimi unakwama shingoni!"

Kijiji kikaangua kicheko. Siku nyingine Perusi angemjibu kwamba yeye alikuwa akilala na mbuzi akidhani amepata mchumba. Siku hiyo alimtazama mkubwa aliyesimama kuliani kwake, akarekebisha kola ya koti, akasema, "Nioneshe maji."

Akaoneshwa. Akachota, akarudi Jijini, akapima. Akapima kwa Bibi, maana hakuwa na mbegu nyingine aliyoiamini. Shuka lililotoka lambo la Mzogole likaliwa lote, likaisha. Akarudi kwenye mkutano wa kijiji akiwa na uhakika kamili.

"Maji haya nimeyapima kwa mkono wangu," alisema. "Shuka linaoza vizuri kabisa. Kama kwenu halipotei, basi vijidudu vya maji yenu vimeuawa. Kuna watu wanamwaga kitu humu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, mafuta machafu, sijui. Ninyi wenyewe ndio mnaoyaua maji yenu."

Hakuna aliyecheka.

"Perusi," Masinjisa akasema, na sauti yake haikuwa na utani. "Unasema tunatia sumu maji ya ng'ombe wetu?"

"Nasema kile kilichosemwa na kipimo."

"Mama yangu anachota hapa kila siku. Na yeye?"

"Kipimo hakimjui mama wa mtu," Perusi akajibu. Wale wakubwa wawili wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Jibu lile lilimpendeza hata yeye mwenyewe. Ndani ya gari, njiani kurudi, alilirudia kimoyomoyo.

Kwa taratibu za Mamlaka, kijiji kinachoharibu maji yake hakipelekewi boza la maji ya msaada. Mzogole hawakupelekewa. Na kijiji kisicho na maji, baada ya muda, huhamishwa. Ikatoka amri: ng'ombe wauzwe, watu wapelekwe maghorofa ya pembezoni mwa Jiji. Msingi wa amri yote ulikuwa neno la Dakta Chidawali.

Watu wa Mzogole wakagoma. Wakakaa njiani, vitandazi vikapigwa mawe. Mamlaka wakamwomba Perusi aende kabla ya malori, awafanyie kipimo mbele ya macho yao, wakubali kwa amani. Akakubali upesi. Aliona itakuwa kazi nyepesi.

Alipanda gari lisilo na dereva, na magotini alipakata kisanduku chenye kipimapumzi na chupa tatu. Ndani ya kisanduku alikaa Shahidi. Huyo alikuwa akili mnemba ya maabara. Kazi yake ilikuwa kuona kila kilichotiwa chupani, kusoma pumzi, na kutangaza. Perusi ndiye aliyeagiza atengenezwe hivyo, asifichwe kitu, ili mtu asije akasema maabara inapika majibu. Bibi naye alikuja, ndani ya chupa ya chai ya kushikia joto.

Mbele ya kamati Perusi akaandaa chupa tatu. Ya kwanza Shuka na tone la Bibi. Ya pili Shuka na tope la lambo la Mzogole. Ya tatu tope lilelile la Mzogole, lakini badala ya Shuka akatia chumvi ya siki, chakula chepesi ambacho kijidudu chochote kilicho hai hukipenda.

"Ya kwanza itapumua," akawaeleza. "Ya pili na ya tatu zitakaa kimya, maana tope lenu limekufa. Mtu akishindwa hata kunywa uji, mnajua mgonjwa yuko wapi."

Masinjisa alisimama nyuma, mikono kifuani. "Tumekusikia, Dakta," alisema.

Perusi akalisikia lile neno. Dakta. Akaliacha lipite.

Hapakuwa na nyumba ya wageni, basi akapelekwa kwa Masinjisa. Mkewe, Nhonya, alimtandikia chumba cha uani, akampa maji ya kunawa, akampa kigoda chenye mgongo. Kila kitu kilifanywa kwa mikono miwili. Perusi akafungua mkoba wake, akatoa kitenge kipya.

"Wifi, shangazi yuko wapi? Nimemletea hiki. Nimeingia mpaka huku sijamsikia akinigombeza."

Nhonya aliacha kukunja shuka la kitanda.

"Hukusikia?"

"Nisikie nini?"

"Lambo lilipoanza kunuka tukahamia mtoni, kwenye mchanga," Nhonya alisema, akiwa hamtazami. "Mwanzo tulichimba shimo la magoti. Likakauka. Tukaenda la kiuno. Halafu tukafika la kumpita mtu, unashuka kwa ngazi. Yeye zamu yake ya kuchota alikuwa hataki kusaidiwa, unamjua. Anasema mimi si mgonjwa. Basi akashuka, na mchanga ukamfukia."

Perusi akakaa juu ya kitanda. "Lini?"

"Mwezi uleule boza lilipokataliwa."

"Mbona hamkuniita? Nhonya, simu yangu iko wazi siku zote! Hata adui huitwa msibani!"

"Mume wangu alikataza. Alisema tusikusumbue. Alisema kipimo hakimjui mama wa mtu."

Kitenge kilibaki magotini pa Perusi. Hakulia. Alitafuta machozi akakuta hana. Badala yake aliona uso ukimwaka moto kama mtoto aliyekamatwa na kitu cha watu mkononi. Nhonya akaondoka bila kufunga mlango kwa kishindo, na hilo nalo likamuuma, maana alitamani ubamizwe.

Siku ya tatu, baada ya chai, Shahidi alizungumza. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, isiyo na haraka wala pole.

"Majibu yapo tayari. Chupa ya kwanza inapumua vizuri. Chupa ya tatu inapumua vizuri. Chupa ya pili haipumui."

"Rudia ya tatu."

"Chupa ya tatu, tope la Mzogole na chumvi ya siki, inapumua vizuri."

Perusi akainama kutazama mistari mwenyewe. Ile ya tatu ilikuwa imepanda bila kusita. Tope lilikuwa hai. Lilikuwa zima kabisa, lenye njaa, lilikula chakula chake kama tope lolote la Mungu. Hakuna aliyelitia sumu. Lilikuwa limekataa kitu kimoja tu, Shuka, kwa sababu halikijui.

"Nitume majibu kwa Mamlaka?" Shahidi akauliza.

"Ngoja."

Nhonya akaingia na bakuli la maziwa ya mgando, akaliweka juu ya kigoda. "Unywe, tangu jana hujala. Ni ya kibuyu chake. Nilimwambia mume wangu tukizike naye, akasema hapana, tuendelee nacho. Sijakiosha hata tone. Nakwambia ladha ndiyo ileile, utadhani bado anakoroga yeye."

Akatoka. Perusi akanywa. Ilikuwa ladha ileile, ya utoto wake, ya ulimi uliokwama shingoni mwa kibuyu. Na harufu ile ya ugwadu aliijua mahali pengine pia. Akageuka akaitazama chupa ya chai iliyombeba Bibi.

Hapo ndipo alipoona jambo lote, na alitamani asingeliona. Bibi hakuwa mbegu ngeni hata siku moja. Alikuwa kibuyu. Miaka yote ile alikuwa amemfundisha Bibi kula Shuka, tone juu ya tone, kisha anamuuliza, je, Shuka linalika? Na lambo kuu la Jiji, ambako kila mtu alipiga makofi, lilikuwa likipokea maji ya mtaro wa maabara yake na ya kiwanda cha Shuka. Lilikwisha kufundishwa nalo. Kule kwingine kote, kwenye malambo ya mbali ambako hakuna aliyewahi kufundisha kitu, utando ulikuwa unalala juu ya utando.

Ningependa kusema kwamba alisimama palepale akaita watu. Hakufanya hivyo. Alikaa na mlango umefungwa. Alifikiria maabara yake, jina lake, darasa lile na chaki ya mwanga. Alifikiria kwamba malori yanakuja kesho yake na kwamba maghorofa ya Jiji yana maji ya bomba. Labda watu hawa wangeishi vizuri huko kuliko hapa. Akajiambia hata hilo. Kisha akafungua chupa ya chai, akachovya kijiti cha kioo, na tone la Bibi akalidondosha kwenye chupa ya pili, ile isiyopumua. Sasa ingepumua, na ingeonekana kwamba Shuka linaliwa hata na tope la Mzogole, kipimo chake kisiwe na kosa.

"Umeongeza mbegu kwenye chupa ya pili," Shahidi akasema.

Perusi akaifunga chupa.

"Nitaje chanzo cha mbegu?"

"Nyamaza."

"Siwezi kutangaza chupa bila chanzo. Ulinielekeza hivyo. Nitaje chanzo gani?"

Kijiti kilikuwa bado mkononi mwake, kinadondosha sakafuni. Nje alimsikia Masinjisa akimsalimia mpita njia, akimuuliza habari za ndama. Sauti ilikuwa ya mama yake kabisa, ile namna ya kuvuta mwisho wa neno.

"Sema ni Bibi," Perusi akasema. "Sema nimemtia mimi, baada ya majibu kutoka. Sema na majibu ya kwanza. Usiache kitu."

"Nitume?"

"Tuma. Kwa Mamlaka na maabara zote."

Malori yalikuja asubuhi, marefu, yasiyo na madereva, yakajipanga kando ya lambo. Watu walikuwa wamekaa chini mbele ya magurudumu. Perusi akapita katikati yao akiwa na zile chupa tatu, akasimama mahali pale pale aliposimama siku ya mkutano ule.

"Hamkumwaga kitu," alisema. "Maji yenu niliyaua mimi."

Akawaeleza. Hakutumia maneno ya darasani. Aliwaambia habari ya kibuyu, nao walielewa kabla hajafika mwisho. Kina mama waliinamisha vichwa. Aliwaambia na habari ya lile tone la jana, jinsi alivyotaka kuwadanganya mara ya pili nyumbani mwa mtu aliyemlaza. Alipofika kwa shangazi yake maneno yakamkatika, akaziweka zile chupa tatu chini.

Alingoja matusi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi usiku kucha. Mzee mmoja akakohoa. Mama mmoja akamnyonyesha mwanawe. Halafu Masinjisa akainuka, akajipangusa vumbi, akasema kwa adabu, "Ahsante kwa kutueleza, Dakta."

Ikawa basi.

Malori yalirudi tupu baada ya siku mbili, amri ilipofutwa. Maboza ya maji yakaja, mengi kuliko waliyoyaomba, na picha zikapigwa. Vitandazi vya nchi nzima vikasimamishwa isipokuwa vile vya lambo kuu, na jua likaanza tena kunywa lilichokuwa limenyimwa. Jijini wakaanza kuoga kwa zamu. Wengi walimlaani Perusi kwa hilo, si kwa lile jingine. Mamlaka wakaunda kamati, kamati ikakaa, ikasema palikuwa na dosari ya kitaalamu katika utunzaji wa mbegu. Hakufukuzwa. Hata cheo hakupunguziwa. Alisimama mbele ya kamati ile akataja jina la shangazi yake, na mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba hilo liko nje ya hadidu za rejea.

Perusi alimmwaga Bibi yeye mwenyewe, uani nyuma ya maabara, kwenye changarawe yenye jua kali. Hakumwita msaidizi hata mmoja. Mtungi aliuvunja, maana hakuwa na hakika kama ungesafishika.

Tangu hapo mbegu ikawa ya kuchota upya kila kipimo, kila mara kwenye lambo jingine, na Perusi akawa anakwenda kuchota mwenyewe. Maabara zikawa tena na majibu yanayoyumba, leo hivi, kesho vile. Aliyaandika yalivyo.

Masika yalipopita, zamu ya Mzogole ikafika. Lambo lilikuwa limejaa maji mekundu ya matope, bila mng'ao wowote, na vyura walikuwa wanapiga kelele mchana kweupe. Kwanza Perusi alikwenda mtoni, akakaa kidogo kwenye kaburi la shangazi, akalifunika kwa kile kitenge na kukibana kwa mawe. Kisha akarudi lamboni. Masinjisa alikuwepo, anatengeneza uzio wa miiba.

"Karibu, Dakta. Umefika salama?"

"Nimefika, mtani."

Neno lile alilitupa kama mtu anayetupa kamba kisimani. Masinjisa akafunga fundo la uzio, akalijaribu kwa kulivuta, akahamia fundo jingine.

Perusi akavua viatu. Hakuvipeleka mbali. Aliviacha palepale kwenye njia, miguuni pake Masinjisa kabisa, viatu vizuri vya ngozi, halafu akampa mgongo, akaingia majini mpaka kwenye magoti na kuanza kuchota tope kwa mikono. Alikawia makusudi. Huko nyuma akasikia hatua. Akasikia viatu vikiokotwa. Alikuwa tayari kwa jogoo, alikuwa tayari kwa mbuzi, alikuwa tayari kutembea peku mpaka Jijini watu wakimzomea njia nzima, mlamba vibuyu, muuaji, lolote.

Alipogeuka, Masinjisa alikuwa amevikung'uta vumbi na kuviweka kivulini, kimoja pembeni ya kingine, visije vikapata jua. Kisha akashuka ukingoni, akanyoosha mikono yote miwili, akaipokea ile ndoo ya tope.

"Niachie mimi, Dakta," alisema. "Ni nzito."